Uraiani bila kadi ya kliniki

Siku ya kutoka, mfungwa hupitishwa kwanza kwenye chumba cha vifaa. Askari hufungua daftari, hutafuta jina, kisha husoma kwa sauti: suruali moja, shati moja, mkanda, viatu jozi moja, simu ya kitochi, shilingi kadhaa. Kila kilichoandikwa siku ya kuingia lazima kirudi, na anayetoka husaini au huweka dole gumba kukiri kwamba hakuna kilichopotea. Suruali inamlegea kiunoni. Simu haiwaki. Lakini hesabu imetimia, afande anafunga daftari, geti linafunguliwa, na mtu anarudi uraiani.

Daftari hilo ni la mali tu. Halisemi kama anayetoka alikuwa akimeza dawa za kufubaza virusi, kama ana dozi ya kifua kikuu ambayo haijaisha, kama aliwahi kupimwa kaswende, wala Jumatatu aende kliniki gani. Na ni hapo, kati ya geti la gereza na dirisha la kliniki ya mtaani kwao, ambapo afya ya wengi huporomoka, yao na ya wenza wao. Kwa miaka mingi mjadala wa Ukimwi na magereza umekuwa ukitazama ndani ya ukuta. Hatari inayosahaulika iko nje, katika wiki chache za mwanzo, na ndiyo iliyo rahisi zaidi kuizuia.

Mtaani wana hesabu yao. Jirani aliyekula mvua tatu akirudi amekonda, hakuna anayetaja mlo mmoja kwa siku wala usingizi wa kulala ubavu kwa kubanana. Wanasema "amerudi nao". Mkewe huitwa pembeni pale bombani, anaambiwa awe makini, na ukimsikiliza vizuri anayemshauri utagundua amekwisha kuhukumu. Nyuma ya minong'ono hiyo ipo imani kwamba gereza ni kiwanda cha virusi: mtu huingia mzima, hutoka mgonjwa.

Jimbo la Georgia nchini Marekani liliwahi kuipima imani hii kwa namba, kwa sababu magereza yake yalikuwa yakipima VVU wafungwa wanapoingia. Oktoba 2005 lilikuwa na wafungwa wanaume 856 waliojulikana kuwa na virusi. Kumbukumbu zilipofukuliwa, ikaonekana kwamba 780 kati yao, asilimia 91, walikuwa na maambukizi siku waliyoingia. Tangu 1988 hadi mwanzoni mwa 2005, wanaume 88 ndio waliojulikana kuwa waliingia bila virusi na baadaye wakakutwa navyo wakiwa bado ndani. Themanini na wanane si watu wa kupuuzwa. Lakini namba hizo zinapindua hadithi ya bombani: walio wengi walitoka na walichoingia nacho, na tofauti ni kwamba gerezani ndiko walikopimwa.

Georgia si Dodoma wala Mombasa, na hakuna haja ya kujidai kwamba magereza yote ni sawa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Lancet ulikadiria kwamba kati ya watu wapatao milioni 10.2 waliokuwa magerezani duniani, asilimia 3.8 walikuwa na VVU, na Afrika Mashariki na Kusini kiwango kilikuwa juu mara kadhaa. Sababu hazina fumbo. Polisi wanaokamata hukamata zaidi maskini, watumiaji wa unga, wanawake wanaouza miili, vijana wasio na anwani. Hao hao ndio ambao virusi vilikuwa vimewatangulia.

Wala si kwamba ndani hakuna kinachotokea. Ngono ya kubadilishana na sahani ya chakula, sabuni au nafasi ya kulala imeandikwa na watafiti katika magereza mengi ya kusini mwa Sahara, na ubakaji pia. Wembe mmoja hunyoa vichwa vingi, na kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kubaki hai kwenye kitu kikavu kwa siku saba. Afrika Kusini ilipitisha sera ya kugawa kondomu magerezani tangu 1996. Tanzania na Kenya hazijafanya hivyo, kwa hoja inayojirudia kwamba kugawa kondomu ni kuhalalisha kosa ambalo kwa Tanzania adhabu yake inafika kifungo cha maisha. Matokeo yake ni kwamba hata aliyelazimishwa hanyanyui mdomo. Dawa za kuzuia maambukizi baada ya tukio zinapaswa kuanza ndani ya saa 72. Mtu anayeogopa kwamba akilalamika ataongezewa kesi hawezi kuziomba ndani ya saa 72 wala ndani ya mwaka.

Yote hayo yanahitaji makala yake. Lakini tuseme mambo ndani yamekwenda vizuri, kama yanavyokwenda kwa wengi: mtu alipimwa, akaanzishiwa dawa, nyapara akawa anamkumbusha kumeza, kipimo cha wingi wa virusi kikaonyesha vimefubaa. Miaka ya karibuni dunia imepata ushahidi ambao bado haujafika kwenye vijiwe vyetu kama inavyostahili. Katika utafiti wa PARTNER, uliofuatilia Ulaya wenza ambao mmoja ana VVU na mwingine hana, hakupatikana hata mtu mmoja aliyeambukizwa na mwenza wake ambaye virusi vyake vilikuwa vimefubaa hadi kutoonekana, ingawa walifanya ngono bila kondomu makumi ya maelfu ya mara. Mfungwa anayetoka katika hali hiyo ni salama kwa mkewe kuliko mwanamume wa mtaani ambaye hajawahi kupima.

Usalama huo una sharti moja, dawa isikatike. Ikikatika, kwa walio wengi virusi huanza kuonekana tena kwenye damu ndani ya wiki mbili hadi nne. Huo ndio muda ambao mtu ametoka, anatafuta pa kulala, anakaribishwa nyumbani, anakutana na mke au mpenzi aliyemkosa kwa miaka.

Texas ilionyesha ukubwa wa pengo hili bila kupenda. Wafungwa wake wenye VVU walikuwa wakipewa dawa za siku 10 siku ya kutoka, na wakaambiwa wakachukue nyingine kwenye duka la dawa. Watafiti waliwafuatilia watu 2,115 walioachiwa kati ya 2004 na 2007. Walioweza kuchukua dawa kabla ya zile siku 10 kwisha walikuwa asilimia 5.4, watu wapatao 115. Hata baada ya siku 60 walikuwa wamefika asilimia 30 tu. Hii ni nchi tajiri, yenye maduka ya dawa kila kona, na dawa zenyewe zilikuwa na mpango wa serikali wa kuzilipia. Waliofanya vizuri kidogo walikuwa wale waliosaidiwa kujaza fomu ya mpango huo wakiwa bado ndani. Karatasi moja, iliyojazwa kabla ya geti.

Kwetu karatasi ina uzito uleule. Chukua kijana wa Mbagala aliyemaliza miaka mitatu katika gereza moja la Dar es Salaam. Ametoka Ijumaa mchana. Kliniki aliyokuwa akihudumiwa iko nyuma ya ukuta ambao hawezi kuuvuka tena, na faili lake limebaki huko. Chumba alichokuwa amepanga kilishapewa mtu mwingine, kwa hiyo yuko kwa shangazi. Jumatatu anakopa nauli, anapanga foleni CTC, kliniki ya tiba ya VVU. Dirishani nesi anamwomba kadi.

"Sina, dada. Nilikuwa safari."

"Safari ya wapi hiyo, kaka yangu, miaka mitatu?"

Hapo amekwama. Akisema kweli, benchi zima linasikia, na benchini yupo mama anayeuza mihogo jirani na kwa shangazi. Akinyamaza, anaonekana mtoro wa dawa. Ataulizwa anaishi wapi, nani wa karibu anajua hali yake, namba ya simu ni ipi. Anaishi kwa muda, hakuna anayejua, simu haiwaki. Nesi si mtu mbaya. Ana foleni ya watu sitini na utaratibu unaomtaka ajue mgonjwa alianza lini na dawa gani. Anamwambia alete barua ya uhamisho. Barua iko gerezani. Kijana anaitikia kwa heshima, anatoka, na hana nauli ya pili.

Ukimuuliza mwezi baadaye kwa nini hakurudi, hatasema alikataa dawa, kwa sababu hakukataa. Alikuwa akitafuta kibarua. Mtu mwenye rekodi ya jela huulizwa barua ya mtendaji, kitambulisho cha taifa na mdhamini, na mara nyingi hana hata kimoja. Ngono nayo inaingia humo humo, kwa njia ambazo mabango ya kampeni hayazigusi: mwenye kitanda ndiye mwenye kauli. Anayelala kwa hisani ya mtu hana sauti ya kudai kondomu. Kwa wanawake wanaotoka gerezani hali hii ni kali zaidi, maana wengi hukuta ndoa imevunjika na watoto wametawanywa kwa ndugu, na mwanamume wa kwanza mwenye chumba ndiye anayekuwa mwokozi.

Halafu kuna unga. Jimbo la Washington lilipowafuatilia watu zaidi ya 30,000 waliotoka magerezani, utafiti uliochapishwa 2007 ulionyesha kwamba katika wiki mbili za mwanzo hatari yao ya kufa ilikuwa mara 12.7 ya wakazi wengine wa jimbo hilo, na sababu iliyoongoza ilikuwa kuzidisha dozi. Mwili umesahau unga, mkono unapima kipimo cha zamani. Tanzania ina methadoni, tiba ya uraibu wa unga, tangu Februari 2011, ilipoanza Muhimbili, na waliopo kwenye tiba hiyo hunywa dozi yao kila siku mbele ya mhudumu. Mmoja wao akikamatwa kwa uzururaji na akakaa mahabusu wiki tatu, akitoka bila mtu wa kumrudisha kwenye dirisha la methadoni anarudi kwenye bomba la sindano, pengine la kuazima. Mahabusu, ikumbukwe, ni mtu ambaye mahakama haijamkuta na kosa.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo ni letu kabisa. Ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais wa Tanzania mamlaka ya kusamehe, na mamlaka hayo hutumika hasa katika sikukuu za kitaifa. Desemba 9, 2017 wafungwa 8,157 walipata msamaha, 1,828 kati yao wakiachiwa moja kwa moja na waliobaki wakipunguziwa adhabu. Desemba 9, 2019 walikuwa 5,533. Aprili 26, 2021 walikuwa 5,001, na walioachiwa palepale 1,516. Kenya nayo iliwaachia zaidi ya wafungwa 4,000 mwezi Aprili 2020 kupunguza msongamano wakati wa korona.

Picha za siku hizo tunazijua. Ile ya 2017 kamera zilijazana getini Ukonga kusubiri wanamuziki wawili maarufu, na nchi nzima ikabishana kwa wiki kama walistahili. Waliotoka kimya kimya siku hiyo na zilizofuata, mamia kwa mamia, walipanda daladala na mabasi ya mikoani. Msamaha ni furaha, na ni sera nzuri kwa magereza yaliyofurika. Lakini kwa zahanati ya gereza ni ghafla: mgonjwa ambaye kalenda yake ilisema atatoka baada ya miezi minane anatoka leo, na mhudumu aliyekuwa na nia ya kumwandalia barua hana hata jioni moja.

Na katika orodha ya vigezo vya msamaha kuna kipengele ambacho husomwa haraka: wafungwa wenye Ukimwi, kifua kikuu au saratani waliofikia hatua za mwisho. Kwa huruma, serikali huwaachia wakafie nyumbani au wauguzwe na ndugu. Huruma hiyo isiishie kwenye saini. Mtu mwenye Ukimwi uliokomaa ambaye dawa zake zimekatika ndiye mwenye virusi vingi zaidi mwilini, na mwenye kifua kikuu kisichomaliziwa dozi analala chumba kimoja na wajukuu. Siku hizi, kwa dawa zilizopo, hata aliyeonekana wa mwisho anaweza kunyanyuka na kurudi shambani, kama atazipata.

Kanuni za Umoja wa Mataifa za kutunza wafungwa zilizopitishwa Desemba 2015 zinasema katika kanuni ya 24 kwamba huduma za afya gerezani ziendeshwe kwa ukaribu na mfumo wa afya wa umma, ili tiba ya VVU, kifua kikuu na maradhi mengine isikatike. Zinaitwa Kanuni za Nelson Mandela, na jina halikuwekwa kwa pambo tu: Mandela mwenyewe aliugua kifua kikuu mwaka 1988 akiwa gereza la Pollsmoor. Alilazwa, akatibiwa hadi akapona. Alikuwa mfungwa ambaye dunia nzima inamtazama.

Kuna watu watakaouliza kwa nini fedha zitumike kwa wahalifu wakati akina mama wanaojifungua wanalala wawili kitandani. Swali ni halali. Jibu ni kwamba mke wa aliyetoka jana naye atakwenda kwenye wodi ileile ya wazazi, na akiwa na virusi au kaswende isiyotibiwa mtoto wake ataingia kwenye hesabu ya wodi hiyo. Kaswende hutibiwa kwa sindano ya penisilini ya bei ndogo kuliko nauli ya kutoka Mbagala hadi Muhimbili na kurudi mara chache. Kumpima mtu kwa hiari yake wiki moja kabla ya kutoka, na kumtibu, ni kazi ya dakika.

Kipimo hicho kisiwe cha upande mmoja. Yule mke wa bombani naye alikuwa na miaka mitatu ya maisha yake: alihangaika na kodi, na pengine alikuwa na mtu. Mume anayerudi ana haki ya kuuliza kama yeye alivyo na wajibu wa kujibu, na ni vigumu mno mazungumzo hayo kuanza usiku wa kwanza, kuku ameliwa, wageni wameondoka. Tangu sheria ya VVU ilipofanyiwa marekebisho 2019, Tanzania inaruhusu mtu kujipima mwenyewe. Vipimo viwili vya kujipimia ndani ya mfuko ambao anayetoka angekabidhiwa getini, na kondomu za wiki chache hadi majibu yathibitishwe kliniki, vingewapa wawili hao pa kuanzia bila mmoja kumtuhumu mwenzake.

Kuna mahali walikojaribu kuvuka pengo hili kwa mpangilio. Mpango ulioitwa Project START, uliofanyika kwenye majimbo manne ya Marekani, uliwachukua vijana wa kiume wa miaka 18 hadi 29 wanaokaribia kutoka. Kila mmoja alikutana na mshauri mara mbili akiwa ndani, kisha mara nne akiwa nje: wiki ya kwanza, ya tatu, ya sita na ya kumi na mbili. Mazungumzo hayakuwa ya kondomu peke yake. Yaligusa pa kulala, kazi na kuepuka kurudi jela, na ngono ikawekwa katikati ya hayo, mahali pake halisi. Baada ya wiki 24, waliosema wamefanya ngono bila kinga walikuwa asilimia 68, dhidi ya 78 ya waliopewa kikao kimoja tu kabla ya kutoka. Asilimia kumi si muujiza. Ila ni asilimia kumi ya watu ambao kila mmoja wao ana mwenza.

San Francisco nako, tangu 2006, kuna kliniki ya Transitions inayowapokea waliotoka gerezani kwa kuwatumia wahudumu wa jamii ambao wenyewe waliwahi kufungwa. Hilo ndilo wazo la kuibwa bila aibu. Tanzania tayari ina watu wanaoishi na VVU wanaowasindikiza wenzao kliniki na kuwatafuta waliopotea kwenye dawa. Kinachokosekana ni kuwaweka miongoni mwao watu wawili watatu kwa kila wilaya wanaojua selo inavyonuka. Kijana wa Mbagala asingemwambia mtu wa namna hiyo kwamba alikuwa safari.

Dawa zenyewe zipo. Mgonjwa wa mtaani ambaye hali yake imetulia hupewa leo dawa za miezi mitatu, hata sita, ili asishinde kliniki. Hakuna sababu ya kitabibu ya kumnyima mpango huo mtu ambaye hali yake ilitulia gerezani na ambaye maisha yake yanakaribia kuvurugika. Dawa za miezi mitatu, nakala ya kadi, barua fupi isiyotaja neno gereza, jina na simu ya mtu mmoja wa CTC anakokwenda. Bahasha moja ya kaki.

Na isisemwe kwamba muda wa kuandaa haupo, hata kwenye msamaha. Mfungwa mgonjwa haingii kwenye orodha ya Rais kwa bahati: ugonjwa wake huthibitishwa kwanza na jopo la madaktari, na jopo hilo huongozwa na mganga mkuu wa mkoa au wa wilaya. Huyo ndiye anayejua jina, ugonjwa na hatua uliyofikia kabla taifa halijasikia hotuba. Kliniki za CTC za eneo lake zinawajibika kwake pia.